Gari la haibridi: Akiba ya petroli ni amana ya betri

SIKU gari letu lilipowasili nyumbani kutoka bandari ya Mombasa mnamo 2021, jirani yetu mmoja alilizunguka mara mbili, akachungulia uvunguni, kisha akatikisa kichwa.

"Gari ni zuri, ndugu yangu," akasema. "Lakini siku betri yake itakapokufa, utaliuza kwa kilo kama vyuma kuukuu."

Kauli kama hiyo imewatisha Wakenya wengi wanaotamani magari ya haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Upande wa pili wapo wauzaji ambao hudai kwamba gari la aina hiyo halina gharama yoyote na kwamba petroli linayookoa hulifanya lijilipie lenyewe.

Baada ya kulimiliki na kulitunza gari hilo kwa miaka kadhaa, nimetambua kuwa pande zote mbili zinakosea. Betri kuu haifi ghafla bila sababu. Vilevile, petroli inayookolewa haiwi yote faida. Sehemu yake ni amana ya betri, na mwenye gari anayeila yote hujikuta siku moja akidaiwa.

Letu ni Toyota Harrier ya haibridi iliyoundwa mwaka wa 2014. Kwa miaka mingi Kenya imekataza kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hivyo basi, gari la 2014 lilikuwa miongoni mwa yale ya zamani zaidi yaliyoruhusiwa mwaka huo wa 2021, na ndiyo sababu bei yake ilitufaa.

Hapo ndipo penye jambo la kwanza analopaswa kulifahamu mnunuzi. Nchini Marekani, Toyota iliwapa wateja wake dhamana ya miaka minane au maili 100,000 kwa betri za magari ya haibridi ya miaka hiyo. Kuanzia magari ya mwaka wa 2020, dhamana hiyo ilirefushwa hadi miaka 10 au maili 150,000. Kwa maneno mengine, sisi huanza safari na gari pale ambapo wenzetu wa ng'ambo wanamaliza muda wa kulindwa na kiwanda. Litakaloharibika hapa ni la mwenye gari na mfuko wake.

Teknolojia ya zamani

Teknolojia yenyewe si ngeni. Toyota ilianza kuuza gari dogo la Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997. Mwaka wa 2004, kampuni ya Ford ilizindua Escape ya haibridi huko Marekani, na mwezi Machi 2005 Harrier ya kwanza ya haibridi ikaingia sokoni Japani. Katika mataifa mengine gari hilo liliuzwa kwa jina la Lexus RX 400h.

Escape hizo zilitoa funzo muhimu mapema. Baadhi yake zilifanywa teksi katika jiji la San Francisco kuanzia 2005, na zipo zilizosafiri zaidi ya maili 300,000, ambazo ni karibu kilomita 480,000. Ikumbukwe kuwa teksi haipumziki. Inafanya kazi mchana na usiku, katika msongamano na katika milima ya jiji hilo. Ikiwa betri zilistahimili kazi ya aina hiyo, basi hofu kwamba betri hufa kwa kutumiwa tu haina msingi mkubwa. Aghalabu kinachoiua ni joto, vumbi na kupuuzwa.

Ili kuelewa hali hiyo, yafaa kwanza kufahamu jinsi gari lenyewe linavyofanya kazi.

Harrier ya kizazi hicho ina injini ya petroli ya lita 2.5. Injini hiyo ni ya mtindo wa Atkinson, ambao hukamua nguvu nyingi zaidi kutokana na petroli lakini huwa dhaifu gari linapong'oka mahali. Udhaifu huo hufidiwa na mota ya umeme iliyo mbele, ambayo huwa na nguvu nyingi tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Katika magari yenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, kama letu, kuna mota nyingine ndogo nyuma.

Umeme wa mota hizo hutoka kwenye betri kuu iliyo chini ya kiti cha nyuma. Ina seli 204, zilizopangwa katika vifurushi 34 vya seli sita sita, na jumla yake ni takriban volti 245. Betri hiyo haichomekwi ukutani. Huchajiwa na injini, na pia huchajiwa kila dereva anapopunguza mwendo. Badala ya nguvu za gari kupotea zikiwa joto kwenye breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kuzirejesha nguvu hizo katika betri.

Kompyuta ya gari huizuia betri isijae kabisa wala isikauke kabisa. Kwa kawaida huiweka kati ya takriban asilimia 40 na asilimia 80 ya uwezo wake. Simu ya mkononi hujazwa hadi pomoni na kutumiwa hadi izime, na ndiyo maana betri yake huchoka mapema. Ya gari hili huchungwa tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba gari hili lina vitu vichache vya kuharibika katika sehemu nyingine. Halina stata wala altaneta ya kawaida. Giaboksi yake haina klachi wala mkanda wa chuma. Inatumia meno ya gia yanayogawa nguvu kati ya injini na mota. Katika miaka yote hii, sijawahi kulipia ukarabati wa giaboksi zaidi ya kubadilisha oili yake.

Linakookoa na lisikookoa

Nilipolinunua, karatasi za Japani zilitaja kilomita zaidi ya 21 kwa lita moja. Yeyote anayetarajia kuziona hizo katika barabara zetu atavunjika moyo. Kipimo hicho kilifanywa katika maabara, si kwenye Barabara ya Thika saa kumi na moja jioni.

Sisi tumezoea kupata takriban kilomita 14 kwa lita. Gari tulilokuwa nalo awali, la petroli tupu na lenye ukubwa unaokaribiana, lilitupa kilomita tisa au kumi. Cha ajabu ni kwamba haibridi huokoa zaidi mahali ambapo magari mengine huteketeza petroli, yaani katika msongamano. Magari yanapotambaa mita kumi kumi kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, injini huzimika na gari husogea kwa umeme.

Kwenye barabara kuu hali hubadilika. Ukikimbia kilomita 110 kwa saa kuelekea Mtito Andei, injini hufanya kazi karibu muda wote na mota husaidia kidogo tu. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za masafa marefu na za kasi hatapata nafuu kubwa inayotangazwa.

Tufanye hesabu. Chukua gari linalosafiri kilomita 15,000 kwa mwaka. Likitumia lita moja kwa kilomita 10, litahitaji lita 1,500. Likitumia lita moja kwa kilomita 14, litahitaji takriban lita 1,070. Tofauti ni lita 430 hivi. Petroli ikiuzwa Sh180 kwa lita, akiba hiyo ni karibu Sh77,000 kwa mwaka. Mnamo Oktoba 2023, bei ilipofika Sh217.36 jijini Nairobi, akiba ya mwaka kwa bei hiyo ingekuwa takriban Sh93,000.

Fedha hizo si haba. Swali ni zinakwenda wapi.

Katika mwezi wa kwanza, zetu zilikwenda kwa nyama choma na safari za wikendi. Ni mke wangu aliyeketi akapiga hesabu na kuamua kwamba kila mwezi tuweke Sh3,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo, pesa zisizoguswa kwa jambo lolote isipokuwa betri. Nilimwambia anajitafutia mkosi. Akanijibu kuwa mkosi hautafutwi, hujileta wenyewe.

Betri ndogo

Kisa cha kwanza kilitupata katika mwaka wa pili. Tulisafiri kwa ndege na kuliacha gari kwenye maegesho ya nyumbani kwa zaidi ya mwezi mmoja. Tuliporejea, lilikuwa kimya. Taa za dashibodi zilimulika kidogo kisha zikafifia.

Fundi tuliyemwita alifungua boneti, akatazama nyaya za rangi ya chungwa, akasonya. Alisema betri kuu imekufa na akataja bei iliyonifanya niketi chini.

Kwa bahati, mwenzake alikuja na kipima volti. Aliipima betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida iliyo katika kila gari, akaikuta ina volti tisa tu. Tukanunua nyingine, akaifunga, nalo gari likawaka papo hapo.

Gari la haibridi lina betri mbili. Ile ndogo haina kazi ya kuzungusha injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuruhusu betri kuu iunganishwe na mfumo. Ikikauka, gari zima huonekana limekufa ilhali betri kuu ni nzima. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kulipia kitu ambacho hakijaharibika.

Tangu siku hiyo, gari likikaa wiki mbili bila kutumika huliwasha na kuliacha kwa muda neno READY likiwa linaonekana kwenye dashibodi. Pia sikubali litumiwe kuamsha betri ya gari jingine, kwa sababu vifaa vyake vya umeme si vya kazi hiyo.

Magunia ya mahindi

Kisa cha pili kilikuwa kizito zaidi, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe.

Betri kuu hupozwa kwa hewa. Feni ndogo huvuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo chini ya kiti cha nyuma na kuipitisha katikati ya seli. Hii ndiyo sababu betri hupenda abiria wastarehe. Hewa ikiwa baridi kwa abiria, huwa baridi kwa betri pia.

Kila Desemba tulikuwa tukitoka Kitale na mavuno. Buti ikijaa, gunia moja au mawili ya mahindi yaliwekwa sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Mama naye, ambaye miguu yake haistahimili baridi ya Timboroa, alisafiri na blanketi lililoteremka hadi chini. Hakuna aliyefikiria kuwa tumeziba pua za betri, wala kwamba feni ilikuwa ikivuta makapi na vumbi la mahindi mwaka baada ya mwaka.

Katika safari ya mwaka wa tatu, tulipopita Naivasha jua likiwa kali na kuanza kupanda kuelekea Kinungi, nilisikia feni ikivuma nyuma kama kikaushia nywele. Muda si muda gari likapungukiwa na nguvu, na taa ya onyo ikawaka. Tulijikokota hadi Limuru nyuma ya lori la mawe, Mama akiomba kimyakimya.

Fundi mwenye ujuzi wa magari haya alipokivua kiti, alitoa makapi yaliyojaa viganja viwili. Aliunganisha kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, akalinganisha volti za vikundi vyote vya seli. Vingi vilikuwa sawa. Vilivyo katikati, ambako joto hukusanyika zaidi, vilikuwa vimedhoofika.

Alituonyesha njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha vifurushi vichache vilivyochoka. Ya pili, kununua betri iliyofanyiwa ukarabati, ambayo vifurushi vyake vyote vimepimwa na kulinganishwa. Ya tatu, kununua betri mpya kabisa.

Sisi tukachagua ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nafuu. Wahenga walisema rahisi ghali. Kifurushi kipya kilichowekwa kati ya vikongwe hakiwi na uwezo sawa na wenzake. Kimoja hujaa mapema, kingine huchelewa, na tofauti hiyo huwachosha wote. Baada ya miezi minne taa ya onyo ilirudi.

Safari hii tulibadilisha betri nzima kwa ile iliyofanyiwa ukarabati, na kupewa dhamana ya maandishi. Ilikuwa mapema mwezi wa Mei, shule zikifunguliwa na karo za watoto watatu zikisubiri. Nilikwenda kwa chama cha akiba nikijua jibu kabla ya kuuliza. Sh3,000 za kila mwezi zilikuwa zimetimiza kiasi kilichohitajika na kubakisha kidogo. Karo haikuguswa, wala hatukukopa.

Mke wangu hakusema neno. Aliandika tu tarehe mpya katika daftari na kuanza kuhesabu upya.

Utunzaji wa kila siku

Kutokana na yaliyotupata, na kutokana na maelekezo ya kiwanda, haya ndiyo mambo yanayolifanya gari la haibridi lidumu.

Kwanza ni matundu ya hewa chini ya kiti cha nyuma. Yasizibwe kwa mzigo, nguo wala zulia. Sisi huyasafisha kila baada ya miezi mitatu, na baada ya kila safari ya vumbi. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, lakini ndiyo iliyo na thamani kubwa kuliko zote.

Pili ni maji ya kupozea. Gari hili lina mifumo miwili tofauti ya maji. Mmoja ni wa injini, na mwingine ni wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uzungushe mota. Fundi asiyejua huweza kuujaza wa kwanza na kuusahau wa pili. Inveta ikipata joto kupita kiasi hugharimu fedha nyingi sana. Maji hayo ni maalumu, yana rangi ya waridi, na hayapaswi kuchanganywa na maji ya bomba.

Tatu ni oili. Injini ya haibridi huwaka na kuzimika mara nyingi, wakati mwingine kabla haijapata joto la kutosha. Inahitaji oili nyepesi, ya daraja la 0W-20, na si ile nzito ambayo baadhi ya mafundi huipendekeza kwa kila gari kuukuu.

Nne ni breki. Kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi hudumu muda mrefu mno. Zetu zilikaa miaka minne bila kubadilishwa. Hata hivyo, kitu kisichotumika hushika kutu. Pini zinazoishikilia kalipa zinapaswa kuvuliwa, kusafishwa na kupakwa grisi kila gari linapofanyiwa huduma, hata kama pedi bado ni nene.

Tano ni kuoshwa. Katika vituo vingi vya kuosha magari, vijana hufungua boneti na kuielekezea injini mpira wa maji yenye msukumo mkubwa. Gari la haibridi halistahili kutendewa hivyo. Sehemu ya injini hupanguswa kwa kitambaa, nayo sakafu ya nyuma haipaswi kumwagiwa maji.

Kuna pia adabu ya uendeshaji. Anayeteremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu ataona betri ikijaa kabla hajafika nusu ya mteremko. Ikishajaa haiwezi kupokea umeme zaidi, na mzigo wote huangukia breki za kawaida. Ni vyema dereva aweke gia kwenye alama ya S au B, kulingana na gari lake, ili injini isaidie kulizuia.

Na kwa kuwa gari hili husogea bila sauti, watembea kwa miguu hawalisikii. Katika maegesho na vichochoro, dereva ndiye mwenye jukumu la kuwatazama. Aidha, ahakikishe amelizima kabla ya kushuka. Ukimya si ishara kwamba limezimika.

Matope na maji

Wengi huliona umbo lake lililoinuka wakadhani ni gari la msituni. Si hivyo. Mota ya nyuma haina hata nusu ya nguvu ya ile ya mbele, na hakuna mtaimbo wa chuma unaoyaunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Inatosha kulisukuma gari katika barabara yenye utelezi au murram iliyolowa. Lakini katika udongo mweusi wa kunata, mota hiyo ikilazimishwa kwa muda mrefu hupata joto na kompyuta huipumzisha. Hapo utaachiwa magurudumu ya mbele pekee.

Maji nayo ni hatari kwa gari lolote, ila kwa hili hasara huwa mara mbili. Wakati wa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, barabara nyingi nchini ziligeuka mito. Tuliliegesha letu na kupanda matatu. Betri iliyo chini ya kiti haiko juu sana kutoka ardhini.

Hata chumvi ina madhara. Katika maeneo ya theluji nchini Canada na Marekani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, baadhi ya wamiliki wa RAV4 za haibridi zilizouzwa kuanzia 2019 waligundua kuwa kutu ilikuwa imekula kiungio cha waya wa umeme unaokwenda kwenye mota ya nyuma. Toyota ililazimika kurefusha dhamana ya sehemu hiyo. Hatuna theluji, lakini yeyote anayeishi karibu na bahari hatapoteza kitu akimwomba fundi aikague sehemu hiyo.

Jambo la usalama halina mjadala. Nyaya zote za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua. Fundi anayejua kazi yake huvaa glavu maalumu za mpira, huchomoa plagi ya usalama ya betri kuu, kisha husubiri dakika kadhaa ili umeme uliobaki katika inveta uishe. Ukimwona anaanza kufungua mara tu anapofika, mzuie. Si gari pekee litakaloharibika.

Kabla ya kununua

Anayepanga kununua asitosheke na rangi inayong'aa wala idadi ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, kwani mita hurudishwa nyuma. Alinganishe idadi hiyo na karatasi za mnada na za usajili kutoka Japani.

Aende na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta. Volti za vikundi vya seli zisomwe gari likiwa limesimama, kisha zisomwe tena likipanda mlima. Betri iliyochoka huweza kujificha kwenye tambarare, lakini mlimani siri yake hufichuka. Kiti cha nyuma kifunguliwe na matundu yakaguliwe. Maji ya inveta yatazamwe.

Kisha ajiulize maswali matatu. Je, safari zangu nyingi ni za mjini? Je, yuko fundi wa kuaminika ninayeweza kumfikia? Je, niko tayari kuweka kando sehemu ya ninachookoa? Iwapo jibu la swali lolote kati ya hayo ni la, gari la petroli tupu litamfaa zaidi, na hakuna aibu katika hilo.

Majuzi, jirani yule aliyetutabiria vyuma kuukuu alikuja jioni moja. Bei ya petroli ilikuwa imemchosha na alitaka kujua kama gari hilo ni zuri kweli. Alitarajia nimwonyeshe injini.

Nilikifungua kiti cha nyuma, nikamwonyesha matundu. Kisha nikamwita mke wangu alete daftari.